Operesheni ya nyonga ya bi mkubwa wetu, mjini Unguja

Natoa nyota nne kati ya tano. Naandika kwa wenzangu wenye wazee nyumbani, maana mzee akianguka uani kila jirani ana la kusema, na wa kwanza kuitwa huwa mkandaji. Kwa nyonga, nakuombeni, msimwite. Ukiona mguu umefupika, unyayo umegeukia nje na mwenyewe hawezi kuunyanyua, mpelekeni akapigwe eksirei siku hiyo hiyo.

Bi mkubwa wetu ameshapita miaka 80. Nyota zote nne ni za daktari wa mifupa na watu wake. Aliishika ile picha dirishani, akaweka kidole mahali penyewe: shingo ya mfupa wa paja, chini kidogo ya kile kichwa cha duara, na kichwa kimeshaachana na mwenziwe. Akatufahamisha kuwa mishipa ya damu inayokilisha kichwa hupanda kando ya shingo hiyo. Mfupa ukihama namna ile, mishipa huchanika, na kichwa kinaweza kufa hata kikifungwa skrubu vizuri. Hapo mzee hurudishwa tena chumba cha operesheni. Kijana hujaribiwa kuokolewa mfupa wake. Mzee hutolewa kichwa kile akawekewa cha chuma. Ungekuwa ufa tu, haujahama, huenda skrubu zingetosha. Na ungevunjika chini zaidi, penye lile nundu la ubavuni linaloshikwa na misuli, angewekewa bamba na skrubu nene, au msumari ndani ya mfupa, kwani huko damu inafika vizuri na mfupa huunga.

Ndugu yetu wa Dar alishikilia awekewe kiungo kizima, kichwa pamoja na kikombe chake. Daktari hakumpuuza. Alimweleza kuwa upo utafiti mkubwa uliotoka 2019, wa wagonjwa karibu 1,500 wa miaka 50 na zaidi, na baada ya miaka miwili haja ya kurudia operesheni haikutofautiana sana baina ya waliowekewa kizima na waliowekewa nusu. Wa kizima walikuwa na nafuu ndogo tu katika kutembea na kazi zao. Kizima nacho huchukua muda zaidi na huchomoka kwa urahisi zaidi. Mama yetu safari zake ni chumbani, jikoni, barazani. Tukaridhia nusu, iliyoshikizwa kwa saruji ya mifupa. Mzee ambaye bado anakwenda shamba kwa miguu yake, wanawe wana haki ya kuulizia kizima.

Alichomwa sindano ya mgongo, hakulazwa usingizi. Baadaye alituhadithia kuwa alisikia nyundo ikigonga huku yeye akivuta uradi wake, wala hakuhisi kitu. Kesho yake asubuhi kijana wa mazoezi akamsimamisha kwa gongo la miguu minne. Mie nilidhani ni haraka mno, kumbe ndivyo inavyotakiwa.

Nyota iliyobaki wameikosa kwa kutuweka. Mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa wa nyonga apasuliwe siku anayolazwa au inayofuata. Sisi tulisubiri kifaa, tukasubiri damu, na hapana aliyetwambia ni lini. Mzee aliyelala chali kifua humjaa, damu huganda miguuni, ngozi huchubuka. Kisigino cha mama kilishaanza kuwa chekundu, mpaka muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, Mungu amjaze kheri, akatuonesha kuweka mto chini ya muundi ili kisigino kibaki hewani, kisiguse godoro.

Jengine ni la nyumbani. Tuliruhusiwa kwa maneno machache tu, na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Ilibidi fundi atoboe kiti cha mbao siku ile ile. Kusali ni juu ya kiti, mkeka wa chini haukaliwi, miguu haipandanishwi. Hayo tuliambiwa tuliporudi kliniki, na huko huko ndiko tulikouliza wenyewe habari ya dawa za kuimarisha mifupa. Ulizeni kabla hamjatoka wodini, maana nyonga ya upande wa pili nayo ina miaka ile ile.