Laini ninayo, nywila ninayo, akaunti haifunguki: uzoefu wangu na uthibitishaji wa hatua mbili

Nina steshenari hapa Dodoma, upande wa Makole, na barua pepe ndiyo kaunta yangu ya pili. Humo ndimo zinamoingia CV za kuchapa, vyeti, fomu za vyuo, na mitihani ya majaribio ambayo shule hunitumia niwatolee kopi. Nikifungiwa nje ya akaunti hiyo, nusu ya duka imefungwa.

Huduma yenyewe sitaitaja jina. Ni ya bure na nimeitumia miaka mingi bila tatizo. Mwanzoni akaunti yangu ililindwa na nywila, kisha hatua ya pili: namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji. Baadaye huduma ikawa inanihimiza, karibu kila nikiingia, nihamie kwenye programu ya simu inayotengeneza namba hizo. Walisema ni salama zaidi, na hilo nalikubali hadi leo. Meseji inafuata laini, na tapeli akifanikiwa kuiswapu laini yako, yaani kuihamishia namba yako kwenye laini aliyoishika yeye, namba za uthibitisho zinaenda kwake. Programu haifuati laini. Ukishaskani ule mchoro wa miraba (QR) siku ya kwanza, siri inabaki ndani ya simu, na simu inaichanganya siri hiyo na saa kupata namba ya tarakimu sita, mpya kila baada ya sekunde 30. Haitaki bando, haitaki hata mtandao.

Sasa simu ikafa. Umeme ulikatika, uliporudi ukarudi na nguvu kubwa, simu iko kwenye chaji. Fundi wangu pale Majengo aliifungua, akaipima, akaniambia, "Mama, bodi imeungua. Vya ndani usivihesabu tena."

Laini ilikuwa nzima. Nikaichomeka kwenye simu ndogo ya kitochi, na muda mfupi baadaye meseji za benki zikawa zinaingia, pesa ya simu inatoka, wateja wananipata. Nikakaa kwenye kompyuta ya dukani. Kompyuta zangu zinashikwa na wateja kutwa nzima, kwa hiyo kila jioni natoka kwenye akaunti, na asubuhi naingia upya. Nikaandika anwani, nikaandika nywila, ikakubali. Kikaja kiboksi cha namba sita. Chini yake kuna maneno madogo ya bluu: jaribu njia nyingine. Nikabonyeza. Njia zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, zile zile namba za programu. Ya pili, namba za dharura, zile unazopewa mapema uzitunze kwa siku simu ikipotea, ambazo siku nawasha programu hakuna ukurasa ulionionyesha wala kuniambia nizichukue. Namba yangu ya simu, waliyo nayo tangu nafungua akaunti, haikuwemo kabisa. Nilipohamia kwenye programu walikuwa wameiondoa meseji bila kunitaarifu.

Hapa ndipo ninapowalaumu. Mlango wa zamani wameufunga, wa akiba hawakuuonyesha, nikaachiwa mmoja, nao umo ndani ya simu iliyoungua.

Ukishafika hapo unapelekwa kwenye fomu ya kurejesha akaunti. Inauliza nywila ya zamani unayoikumbuka, mwezi na mwaka uliofungua akaunti, na mengine ya aina hiyo. Niliijaza nyumbani, kwa simu ya kuazima. Nilijibu yote, na nilijibu sahihi. Jibu likaja: hatujaweza kuthibitisha kuwa akaunti hii ni yako. Basi. Hakuna namba ya kupiga, hakuna mtu wa kumwandikia, hakuna pa kupeleka kitambulisho.

Hapo nililinganisha na laini zetu. Tangu Januari 20, 2020, tarehe ambayo laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, laini ya Mtanzania ina mwenyewe anayejulikana. Ukibonyeza *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ukiipoteza unakwenda na namba ya NIDA, unaweka kidole, laini inarudi. Najua huduma ya dunia nzima haiwezi kupima kidole changu Dodoma. Lakini ingeweza kuniuliza mapema: ukipoteza simu hii, utaingiaje? Swali moja tu, kabla ya kuniruhusu niwashe.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba barua ziliendelea kuingia. Anayetuma haambiwi kwamba mpokeaji amefungiwa. Kwake inaonekana imefika. Mwalimu wa taaluma wa shule moja ya Buigiri alipanda daladala mpaka dukani, flashi mkononi. "Shikamoo mama. Mbona nimetuma tangu Ijumaa hujibu? Watoto wanafanya mtihani kesho." Tulichapa siku hiyo hiyo mpaka giza likaingia. Yule alikuja. Wapo ambao hawakuja, wakadhani nimewadharau, na kazi zao wakazipeleka kwingine.

Akaunti ilifunguka baada ya wiki kadhaa. Lililosaidia, kwa ninavyoona, ni kuijaza ile fomu kwenye kompyuta ya dukani na kwa intaneti ya dukani, pale pale nilipozoea kuingilia. Awali nilikuwa naijaza nyumbani kwa simu ya kuazima. Huduma hizi huangalia pia kifaa na mtandao unaotokea, jambo ambalo fomu yenyewe haikulitaja. Safari hii walituma kiungo kwenye anwani yangu ya akiba, yaani barua pepe yangu nyingine, nikaingia.

Dukani kwangu haya nayaona kwa wengine pia, hasa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Wengi wao wanapokea namba kwa meseji, na shida yao ni laini waliyoiacha. Laini isiyotumika muda mrefu kampuni huifunga, na namba ile inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Kijana yuko mbele yangu anataka kutuma maombi ya kazi, na namba ya uthibitisho inakwenda kwa mtu asiyemjua. Mwingine programu yake ilikuwa nzima kabisa lakini kila namba inakataliwa. Kumbe saa ya simu ilikuwa imepotea baada ya chaji kuisha. Tuliirudisha kwenye saa ya mtandao, namba iliyofuata ikakubali. Kwa hiyo kabla hujalia, tazama saa.

Ulinzi wenyewe sijauzima na sitauzima. Matapeli wanaopiga simu wakijifanya huduma kwa wateja, "hebu nisomee hizo namba zilizoingia," tunawajua wote. Nywila peke yake haitoshi. Ila sasa programu iko kwenye simu mbili, meseji nimeirudisha kuwa njia ya akiba ingawa najua udhaifu wake, na namba za dharura nilizikuta ndani kabisa ya mipangilio, chini ya kurasa ambazo hakuna anayezifungua bila sababu. Nimezichapa na kuzilaminisha. Nakala moja iko na vyeti vyangu nyumbani, nyingine kwa dada yangu Kondoa. Kila namba inatumika mara moja tu, kwa hiyo ukiitumia ikate kwa kalamu. Na kama unauza simu au unaipeleka kwa fundi, hamisha programu kwanza wakati simu bado inawaka.

Kwa ulinzi nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa kumsaidia mtu aliyepoteza simu nawapa moja, na hiyo ni kwa sababu mwishowe walinifungulia. Nimewaandikia waweke namba za dharura kwenye ukurasa ule ule wa kuwashia programu, mtu asiweze kuendelea kabla hajazichukua. Sijajibiwa, na ukurasa bado uko vile vile.