Mzigo umepotea kabla ya kufika Arusha: ni malipo gani yanayorudi?

Mkazi wa Arusha au Moshi anayenunua vitu mtandaoni ana njia kuu nne. Anamtumia muuzaji wa Kariakoo pesa kwa simu, mzigo unapandishwa basi. Ananunua nje kwenye soko kama AliExpress. Analipa kwa kadi ya benki kwenye duka lolote la nje. Au analipa mzigo ukiwa tayari mkononi. Mzigo ukifika, njia zote nne ni nzuri. Hapa tunazipima kwa siku ambayo mzigo haukufika: pesa inarudi, au hairudi?

Jibu halitegemei ukubwa wa duka wala idadi ya wafuasi wake Instagram. Linategemea mambo mawili: pesa iko mikononi mwa nani siku mzigo unapopotea, na risiti ya mzigo anayo nani.

Kariakoo kwa basi

Hii ndiyo njia tuliyoizoea, na ndiyo dhaifu kuliko zote upande wa kurudishiwa pesa. Tuwatendee haki wenye mabasi: mzigo uliosajiliwa ofisini, ukapewa namba na kuandikwa daftarini, kwa kawaida hufika jioni ileile au kesho yake. Udhaifu uko kwenye karatasi. Ofisi ya basi Dar es Salaam humpa risiti aliyeleta mzigo, yaani muuzaji au bodaboda wake. Ukienda kaunta ya Arusha bila namba ya risiti hiyo, mhudumu atafungua daftari, asipoona jina lako hana la kukusaidia. Na kusema kweli hana wajibu huo, kwa sababu makubaliano ya kusafirisha ni kati ya ofisi na aliyetuma. Wewe unamdai muuzaji. Muuzaji ndiye anayeidai ofisi ya basi. Wanunuzi wengi huimaliza wiki ya kwanza wakigombana stendi, huku muuzaji ametulia Dar na pesa yote.

Mizigo hupotea kwa namna zinazojirudia. Mbaya zaidi ni ule uliokabidhiwa konda mkononi ili kukwepa gharama ya ofisi. Huo haupo daftarini, hauna namba, na ukipotea hakuna wa kuthibitisha kwamba uliwahi kupanda basi. Muuzaji akikwambia "nimempa konda, mpigie namba hii," jua kwamba huna risiti na hutakuwa nayo.

Ya pili ni mkanganyiko wa miji yetu miwili. Basi kutoka Dar hupita Moshi kwanza, na Arusha iko mbele kwa takribani kilomita 80. Boksi lililoandikwa "Kilimanjaro" tu, au jina la mtaa bila mji, hupitilizwa hadi Arusha. La Arusha nalo huteremshwa Moshi. Kwa hiyo kabla hujaanza kudai pesa, piga simu ofisi ya kampuni ileile katika mji wa pili, halafu uliza kama basi hilo huendelea mbele, mfano Karatu. Mengi yanayoitwa mapotevu huishia hapo.

Ya tatu ni tarakimu moja ya simu iliyokosewa kwenye boksi: ofisi inapiga, anapokea mtu mwingine, au hapokei yeyote na boksi linakaa stoo. Na ya nne ni mzigo uliochukuliwa na mtu mwingine. Hapo omba kuona sahihi kwenye daftari la makabidhiano, na uandike jina lililosainiwa, saa na tarehe. Usiondoke na maelezo ya mdomo.

Kinga yako inapatikana kabla ya kulipa. Lipa kwa Lipa Namba badala ya namba binafsi, kwa sababu jina la biashara huonekana kabla hujathibitisha na hubaki kwenye ujumbe wa muamala. Omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ina jina la mfanyabiashara na TIN yake, yaani namba ya mlipa kodi, vitu utakavyovihitaji ukifika kwenye malalamiko rasmi. Mwambie muuzaji atume picha ya risiti ya mzigo siku ileile ya kutuma, ikionyesha jina la kampuni ya basi, tarehe, namba ya mzigo na thamani iliyotajwa. Thamani ni muhimu. Risiti nyingi zina masharti kwa nyuma, kwa maandishi madogo, yanayoweka kikomo cha fidia kwa mzigo ambao thamani yake haikutajwa. Kama kutaja thamani kunaongeza gharama, ilipe wewe.

Kisha kuna swali moja la kuuliza kwa maandishi kabla pesa haijatoka: "Mzigo ukipotea njiani kabla sijaupokea, utanirudishia pesa au utatuma mwingine?" Subiri ajibu. Swali hili lina uzito kisheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, huchukulia kwamba muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo kwa idhini ya mnunuzi, amemkabidhi mnunuzi, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Wauzaji wengi husimama hapo bila hata kuijua sheria: "Mimi nilishatuma, malizana na basi." Jibu lake la "ndiyo" linaubomoa utetezi huo. Na hata bila jibu hilo, sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji aingie makubaliano ya maana na msafirishaji kulingana na aina ya mzigo. Akimpa konda simu ya laki nne bila risiti, mnunuzi ana haki ya kukataa kwamba amekabidhiwa.

Jambo linaloumiza watu ni kudhani kwamba mtandao wa simu utarudisha muamala. Huduma ya kurudisha muamala ni ya aliyekosea namba. Ukimtumia mtu uliyemkusudia na mzigo usifike, kwa mtandao wa simu muamala wako umekamilika vizuri. Hali hubadilika kama ni utapeli wa wazi: picha za kuibiwa, namba imezimwa, ukurasa umefutwa. Hapo dakika zina thamani kuliko ushahidi. Piga huduma kwa wateja mara moja uombe pesa izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala, ripoti polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, na ripoti namba ya tapeli kwenda 15040. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, lakini taarifa za mwenye laini hupewa polisi, si wewe. Ndiyo maana RB haikwepeki.

Kama muuzaji bado anapokea simu, acha simu, andika. Ujumbe mfupi wenye tarehe unatosha:

"Habari za leo. Tarehe 4 nililipa TSh 185,000 kwa Lipa Namba yako. Ujumbe wa muamala nimeuambatanisha. Mzigo ulitakiwa kufika Arusha tarehe 6. Leo ni tarehe 9, na ofisi za basi Arusha na Moshi hazina mzigo kwa jina langu. Naomba picha ya risiti ya mzigo leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kama haipo, naomba unirudishie fedha yote pamoja na gharama ya usafiri ndani ya siku 7. Asante."

Hauna tusi wala tishio, na una kila kitu atakachotaka kukisoma afisa wa malalamiko.

Posta

Vifurushi vya nje vinavyopitia Shirika la Posta hutua Dar es Salaam kabla ya kupelekwa Posta Kuu ya Arusha pale Mnara wa Saa, au ya Moshi. Soma namba ya ufuatiliaji kabla hujaenda dirishani. Namba za kimataifa zina herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi. Ikianza na R ni barua au pakiti ya rejista, E ni EMS, huduma ya posta ya haraka, C ni kifurushi. Ikianza na U, mzigo ulitumwa kwa daraja la chini lisilo na ufuatiliaji kamili, na mhudumu hatakuwa na la kukuonyesha hata akiwa na moyo wa kusaidia.

Utaratibu wa fidia ya posta umeandikwa kwa ajili ya mtumaji. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulizo la mzigo uliopotea hupokelewa ndani ya miezi sita tangu kutumwa, na kwa EMS ndani ya miezi minne. Fidia ya pakiti ya rejista ina kikomo cha SDR 30 (kipimo cha fedha cha kimataifa), takribani dola 40, na hulipwa mtumaji isipokuwa amekuachia haki hiyo. Kwa hiyo anayepaswa kufungua ulizo ni muuzaji katika nchi yake. Dirishani Arusha omba kitu kimoja tu: uthibitisho wa maandishi kwamba mzigo wenye namba hiyo haujapokelewa au haujakabidhiwa. Karatasi hiyo ina nguvu kubwa kwenye njia mbili zinazofuata.

Kosa la kawaida upande wetu ni anwani. Weka sanduku la posta, simu yenye +255, na postikodi ya kata yako: za mkoa wa Arusha huanza na 23, za Kilimanjaro 25.

AliExpress na masoko yanayoshikilia pesa

Hapa mnunuzi wa Arusha ana nguvu kweli, kwa sababu soko linamsimamia muuzaji na lina uwezo wa kurudisha malipo. Lakini nguvu hiyo ina muda. Kila oda ina kipindi cha ulinzi wa mnunuzi kinachoonekana kwenye ukurasa wake. Kikikaribia kwisha na mzigo uko njiani, omba kiongezwe. Ukiona ufuatiliaji umekwama, fungua malalamiko kabla hakijaisha. Usibonyeze kitufe cha kuthibitisha umepokea wakati hujapokea, hata muuzaji akikubembeleza vipi.

Hila iliyoenea ni ujumbe huu: "Rafiki, funga malalamiko, tutatuma mwingine leo." Ukifunga, huenda usiweze kuyafungua tena. Anayetaka kutuma mwingine atume malalamiko yakiwa wazi. Vilevile kataa kulipwa nje ya soko. Ambatisha picha ya ukurasa wa ufuatiliaji yenye tarehe, na uthibitisho wa Posta kama unao.

Kadi ya benki

Kwa duka la nje lisiloshikilia pesa, kadi ya Visa au Mastercard ndiyo kinga bora, na inasikitisha kwamba watu wengi wenye kadi hizi hawajui kama wana haki hiyo. Kinachoombwa ni kupinga muamala kwa sababu bidhaa haikupokelewa. Kwa Visa sababu hiyo ina namba 13.1. Kikomo ni siku 120, zinazohesabiwa tangu siku ya mwisho uliyotarajia kupokea mzigo. Kama duka halikutaja siku ya kufika, Visa hutaka zipite siku 15 tangu muamala kabla ya benki kuwasilisha.

Nenda tawini ukiwa na nakala ya oda, tarehe waliyoahidi, mawasiliano yanayoonyesha umemdai muuzaji kwanza, na ukurasa wa ufuatiliaji. Sema waziwazi "napinga muamala, bidhaa haijafika," uombe fomu na namba ya kumbukumbu. Mhudumu akikujibu kwamba muamala ulikuwa halali kwa kuwa uliweka namba ya siri mwenyewe, omba kuonana na kitengo cha kadi. Halali ulikuwa, ila mzigo haukufika, na hilo ni dai la aina nyingine. Benki ikikupuuza, malalamiko yanaendelea Benki Kuu ya Tanzania, kwenye dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha.

Ukilipa kupitia PayPal, una siku 180 tangu malipo kufungua shauri, na siku 20 tangu kulifungua kulipandisha ngazi, yaani kuomba PayPal yenyewe iamue. Zikipita 20 bila kulipandisha, linajifunga.

Mambo mawili ya kuangalia. Kama ulilipa kwa kadi ya mtandaoni uliyotengeneza kwenye simu, usiifute; pesa hurudi kwenye namba ileile ya kadi. Na pesa ya kigeni hubadilishwa kwa kiwango cha siku inaporudi, hivyo shilingi zinaweza kupungua au kuongezeka kidogo.

Kulipa mkononi

Kwa wauzaji waliopo hapahapa mjini, usilipe kabla ya kufungua boksi. Kwa Kariakoo, mtu wako wa kuaminika Dar alipie dukani, akague, na aupeleke mwenyewe ofisi ya basi, ili risiti itoke kwa jina lenu. Hakuna njia ya kudai pesa inayoshinda hii.

Muuzaji akigoma

Usafirishaji wa vifurushi kibiashara unahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Lalamika kwanza kwa msafirishaji kwa maandishi. Wasipotatua, peleka nakala TCRA. Dhidi ya muuzaji mwenye biashara iliyosajiliwa, nenda Tume ya Ushindani, FCC, ukiwa na risiti ya EFD.

Deni linalotokana na makubaliano hudaiwa Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hairuhusu ushahidi kukataliwa kwa sababu tu uko katika mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp yana nafasi mahakamani. Yatoe yote kama faili moja kuanzia salamu ya kwanza, usikate vipande. Chapisha, weka ujumbe wa muamala mbele na ombi lako la kurudishiwa pesa nyuma, na uendelee kuitunza simu yenyewe yenye mazungumzo hayo hadi shauri liishe.