Kitabu cha mtumba chenye matundu, nilidhani kimeliwa na panya

Jamani nimenunua kitabu cha mtoto pale Mlango Mmoja, soko la mitumba hapa Mwanza, kwa elfu tatu na lazima niwaambie habari zake maana nimecheka wiki nzima. Nilikuwa nimefuata sweta za watoto, mvua za siku hizi mnazijua wenyewe, nikamkuta kaka mmoja wa midoli ya mtumba kamwaga mzigo kwenye turubai na chini kabisa kuna kitabu kigumu kama ubao, picha zimekolea rangi balaa. Nafungua, kimetobolewa. Geuza ukurasa, tundu. Geuza tena, matundu mawili! Nikamwambia kaka yangu, elfu nane ya nini na hiki kimeliwa na panya? Akakichungulia na yeye, akaona kweli, akasema haya dada lete tatu niuze nile.

Nafika nyumbani Igoma ndio nakikagua vizuri. Matundu yote ya duara, yako katikati ya tunda, hakuna panya mwenye adabu hivyo. Kumbe ni kiwavi ndio anakula, anaingia epo upande huu anatokea upande wa pili, yaani wametoboa makusudi kiwandani. Ni kile cha Eric Carle, The Very Hungry Caterpillar, kimetoka 1969 na kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 50, sasa mi na kaka wa turubai tumekishusha bei kwa kitu kilekile kilichokipa jina.

Mwanangu ana miaka minne na kusomewa huwa hataki, baada ya peji mbili kashakimbia. Hiki kakaa. Kidole kinaingia kwenye tundu, anakichungulia kwa nyuma, anakitikisa, "mama katoka!", anarudia tena na tena mpaka mboga ikaungua jikoni. Nikaanza kumsoma huyu mchoraji ni nani, naambiwa wazo lenyewe alilipata akiwa anatoboa karatasi na ile mashine ya kutobolea ya ofisini, akaona kama kuna mdudu kapita. Mwanzo ilikuwa hadithi ya mnyoo anaitwa Willi. Mhariri wake, Ann Beneduce, mnyoo hakumpenda, akauliza vipi akiwa kiwavi, na jamaa palepale akajibu: kipepeo! Kuchapa sasa ndio ikawa kazi, kurasa zina upana tofauti tofauti na matundu juu, Marekani gharama ikawakimbiza, kikaenda kuchapwa Japani.

Maisha yake yalinigusa kuliko nilivyotegemea. Kazaliwa Marekani 1929, wazazi Wajerumani, akiwa na miaka sita wakarudi naye Stuttgart, kwa hiyo utoto wake wote ni Hitler na vita. Baba yake ndiye alikuwa akimtembeza porini, anainua jiwe, anabandua gome la mti, anamwonyesha wadudu halafu anawarudisha taratibu walipokuwa. (Sisi wa Mwanza mawe tunayo, sema ya kwetu nani atayainua.) Baadaye baba akachukuliwa jeshini, akaishia kifungoni kwa Warusi, kurudi ni 1947, mifupa mitupu. Shuleni mwalimu wa kuchora akawa anamwonyesha kwa siri picha za wachoraji waliopigwa marufuku, na mi kila nikiangalia yale manjano na mekundu yake namfikiria huyo ticha. 1952 akarudi New York, akapiga kazi gazetini, New York Times, akaenda kwenye matangazo, mpaka mwandishi Bill Martin Jr alipoona kamba mwekundu aliyemtengeneza kwa ajili ya tangazo akamtaka amchoree kitabu. Hapo anakaribia arobaini. Kafariki 2021 akiwa na miaka 91.

Na zile picha hazijachorwa kwa penseli mnavyodhani. Alikuwa anapaka rangi karatasi laini za tishu, zikikauka anakata anabandika. Msogelee kiwavi karibu utaona mikwaruzo ya brashi, kijani juu ya kijani. Tulijaribu kwa gundi ya unga wa ngano, karatasi ikalowa ikachanika, tukapata kitu kama uji wa kijani.

Malalamiko yapo. Kiko kwa Kiingereza, hilo unatafsiri mwenyewe, ila siku za wiki zimenitesa. Kiwavi anakula tunda moja Jumatatu, mawili Jumanne, matatu Jumatano. Mtoto anayejifunza kuhesabu kwa Kiswahili anakuuliza Jumatatu mbona ni moja, utamjibu nini? Nikapangua: moja Jumamosi, mawili Jumapili, matatu Jumatatu, manne Jumanne, matano Jumatano, Alhamisi anajilipua na makeki na maaiskrimu tumbo linauma, Ijumaa anakula jani anapona. Imekaa vizuri kuliko ya mwenyewe, samahani Eric. Peasi mwanangu anaita parachichi na nimemwacha, plamu tunaita zambarau, salami nimesema soseji yaishe. Akauliza dagaa hali? Hali baba.

Changu kona zimetafunwa na meno ya mtoto wa Ulaya huko na ukurasa wa kipepeo una gundi ya karatasi, lakini kurasa zenyewe haziraruki, wiki ya tatu sasa. Mkikiona mahali msikiache.

Jumamosi nikarudi kwa yule kaka nikamwambia ukweli, yale matundu ni ya kiwandani na watu wanayalipia. Akanyamaza, akainama chini ya turubai, akaibuka na kingine: "Dada, hiki nacho cha matundu, elfu kumi." Nakishika, pembeni kuna meno kabisa na manyoya mawili matatu. Hicho ndio cha panya.