Warsha ya Jumamosi kwa Waandishi Waliokwama, Kisumu

Warsha hii ndogo, inayofanyika Jumamosi asubuhi katika mkahawa mmoja ulio njiani kuelekea ufuo wa Dunga, inamfaa zaidi mwandishi ambaye hadithi yake imemgomea katikati kuliko yule anayetafuta wazo la kuanzia. Mwezeshaji hatoi mihadhara. Humtaka kila mshiriki asome kwa sauti ukurasa wa mwisho aliouandika, kisha auweke mswada kando na kumwandikia barua mhusika aliyenyamaza, akimuuliza anataka nini na ni nani anayemzuia kukipata. Riwaya yangu, inayowahusu vibarua waliofikisha reli Kisumu mwaka 1901, ilikuwa imekwama pale mpishi wa kambi anapotakiwa kurudi Mombasa. Barua hiyo ilifichua kwamba bado anadai mshahara wake, na kwamba hawezi kuondoka kabla ya kulipwa. Nilimbakiza kambini, na ugomvi wake na msimamizi ukaijaza sura nzima.

Zoezi la kunakili upya aya za mwanzo kwa kalamu lilinichosha mkono tu, ingawa jirani yangu, anayeandika tamthilia, alilisifu mno. Meza nazo ni fupi, na hutikisika kila mtu anapomimina chai. Ada ni ya wastani. Chai imejumuishwa, mandazi hulipiwa kando. Atakayekwenda abebe mswada uliochapishwa, kwa kuwa anayesoma kwenye simu hukosa pambizo za kuandikia maoni ya wenzake.