Uzoefu wangu na White & Poppe, injini ya Morris ya kwanza

Wengi wetu tukisikia Morris tunakumbuka Morris Minor za wazee. Injini ninayoizungumzia hapa ilitangulia Minor kwa miaka 35. Ni ya Morris Oxford ya 1913, gari la kwanza kabisa la William Morris, lile lenye rejeta ya shaba iliyochongoka kama risasi. Gari si langu, ni la mzee mmoja hapa Coventry, Uingereza, ambaye huwa namsaidia kazi za gereji. Nimeliendesha na injini yake nimeifungua, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Kwanza lieleweke kwamba Morris hakutengeneza injini hii. Yeye alikuwa mnunuzi na mfungaji: ekseli kwa Wrigley wa Birmingham, rimu kwa Sankey, injini kwa White & Poppe wa hapa hapa Coventry. Hawa walianza mwaka 1899, Alfred White akiwa Mwingereza na Peter Poppe Mnorwei. Biashara yao ilikuwa kuwauzia injini wenye viwanda vya magari: Singer walichukua, Calthorpe walichukua, na Dennis walizifunga kwenye malori yao. Jina la White & Poppe mnunuzi wa gari alikuwa halioni hadi afungue boneti.

Sasa injini yenyewe. Silinda nne, cc 1018, yaani karibu sawa na Vitz ya lita moja, ila usitegemee mbio za Vitz. Kodi ya Uingereza ya wakati ule ilipima idadi ya silinda na kipenyo chake tu, urefu wa mwendo wa pistoni haukuhesabiwa. Haishangazi basi kukuta silinda nyembamba ndefu, milimita 60 kwa 90. Kwenye karatasi za kodi ni nguvu za farasi 8.9. Barabarani inavuta taratibu kutoka chini, na ukiizoea hubadilishi gia ovyo. Afadhali, maana giaboksi ya gia tatu haina huruma: bila kukanyaga klachi mara mbili, inalia.

Kuwasha ni kwa hendeli. Hakuna betri, magneti (kijenereta kinachozungushwa na injini) ndiyo inayotoa cheche. Unarudisha taiming nyuma ili cheche ichelewe, unaipa kabureta petroli (kabureta nayo ni ya White & Poppe, walikuwa wanazitengeneza wenyewe), kisha unavuta hendeli kwenda juu. Kidole gumba kiweke upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie hendeli. Injini ikipiga kinyume, gumba linavunjika. Mzee hakuniruhusu kugusa kitu kabla sijamwonyesha mkono wangu umekaaje. Ikiwa ya moto inakubali haraka, asubuhi ya baridi utatoka jasho.

Kinachonifurahisha kama fundi ni kwamba hakuna gasketi ya hedi ya kuungua. Hedi na bloku ni chuma kimoja. Valvu unazitoa kupitia vifuniko vya kufungua kwa spana vilivyo juu yake. Ubaya wake ni kwamba ukitaka ringi au pistoni, bloku nzima lazima iinuliwe.

Valvu zenyewe zimekaa pande mbili: za kuvuta hewa upande huu wa bloku, za egzosi upande ule. Kila upande una kamshafti yake, yaani shafti inayozifungua valvu. Nilipozishika hizo kamshafti mezani ndipo niliposema, kumbe. Kazi ni safi mno, meno ya gia zake yanakaa pamoja bila kupiga kelele baada ya zaidi ya miaka mia. Lakini kamshafti mbili ni kazi mara mbili, gia zaidi, saa zaidi za fundi mwenye ujuzi. Na Morris alikuwa anauza gari zima kwa pauni 175.

Alipotaka gari kubwa zaidi kwa bei ya kuuza kwa wingi, White & Poppe hawakuweza kumpa injini ya bei hiyo. Mwaka 1914 akavuka bahari hadi Detroit, akakubaliana na Continental, watengenezaji wa injini, na Morris Cowley ya 1915 ikatoka na injini ya Marekani ya cc 1495. Ilikuja kwa meli na bado ilikuwa rahisi kuliko ya jirani. Mimi simlaumu. White & Poppe nao waliingia kwenye kazi za silaha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na mwaka 1919 Dennis wakainunua kampuni. Mteja wa malori ndiye aliyebaki nao.

Malalamiko yangu: maji yanazunguka kwa joto tu, pampu hakuna, hivyo kwenye mlima mrefu mvuke unaanza kuchungulia kwenye kifuniko cha rejeta. Breki ni za magurudumu ya nyuma pekee, ingawa hilo si kosa la injini. Na vipuri ni shida. Muuzaji mmoja alituletea valvu zenye shina nene kuliko matundu yanayoliongoza, tukaishia kuchongesha mpya kwa fundi wa mashine, kwa bei ambayo sitaki kuitaja hapa.

Nyota nne kati ya tano. Anayetaka kununua Oxford ya namna hii aanze kwa kufungua vifuniko vya valvu, amulike tochi kati ya viti vya valvu vya upande wa egzosi, halafu akague koti la maji (nafasi ya maji inayozizunguka silinda) nje ya bloku, maana maji yakiganda humo wakati wa baridi chuma kinapasuka. Akiona ufa, ajue hedi haitoki peke yake: atakuwa ananunua gari na kutafuta bloku nyingine.