Wiki 12 za kunyanyua vyuma ili kupunguza mafuta: tathmini ya mteja

Nilijiandikisha katika programu hii ya wiki 12 kwa kuvutwa na tangazo lililodai kwamba anayenyanyua vyuma huunguza mafuta ya mwilini hata akiwa usingizini. Nimeimaliza, nimepungua, na ningemshauri mtu anayetaka kuondokana na kitambi aifikirie. Lakini tangazo lile ni ukweli mdogo uliovishwa kanzu kubwa, na mteja atakayeanza kwa kuliamini huenda akakata tamaa kabla ya wiki ya nne.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takribani kalori 13 kwa siku, ilhali kilo moja ya mafuta hutumia kalori 4 na ushei. Mtu aliyejitahidi hadi akaongeza kilo 2 za misuli, kazi ambayo kwa wengi wetu huchukua miezi mingi, atakuwa amejipatia matumizi ya ziada ya kalori 26 hivi kwa siku, yaani pungufu ya vijiko viwili vya chai vya sukari. Kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takribani kalori 7,700, angelala miezi kumi akisubiri kilo hiyo moja iondoke.

Faida ya vyuma iko kwingine, na inasikitisha kwamba wenye programu hawaitangazi. Mtu akipunguza chakula bila kufanya mazoezi ya nguvu, anachopoteza si mafuta peke yake. Sehemu ya uzito huo, ambayo huweza kufika robo, hutokana na misuli na tishu nyingine zisizo mafuta, kwa sababu mwili wenye njaa hauoni haja ya kutunza misuli isiyopewa kazi. Kunyanyua vyuma huupa mwili haja hiyo. Watu wawili wanaweza kupungua kilo 8 kila mmoja, mizani ikawapa jibu lilelile, kumbe mmoja ametoa karibu mafuta matupu na mwenzake ametoa pamoja nayo nguvu za kupandia ngazi. Kwa maneno mengine, chakula ndicho kinachoamua utapungua kiasi gani, na vyuma husaidia kuamua utapungua nini.

Kwa upande wa mazoezi yenyewe, programu imepangwa vizuri sana. Tulikuwa kundi la watu sita, siku tatu kwa wiki, saa moja kila mara, na kila siku ilijengwa juu ya mienendo mikubwa inayoshughulisha misuli mingi kwa pamoja: kuchuchumaa na nondo mabegani, kuinua nondo kutoka sakafuni, kusukuma ukiwa umelala kwenye benchi, kuvuta, na kupandisha juu ya kichwa. Kila mmoja alipewa daftari. Utaratibu ulikuwa kufanya seti 3, yaani awamu tatu zenye mapumziko katikati, kila moja ikiwa na marudio 8 hadi 12, na mtu akifikisha marudio 12 katika seti zote, siku inayofuata anaongeza kilo 2.5. Kanuni hii ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua si uvumbuzi wa wenye programu, kwani daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliitumia kuwarudishia nguvu askari majeruhi na kuiandikia makala mwaka 1945. Hata hivyo ni kanuni ambayo kumbi nyingi za mazoezi huisahau na kuwaacha wateja wakinyanyua uzito uleule mwaka mzima. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu unaonyesha nilichuchumaa na nondo tupu ya kilo 20, nikaishia marudio 9 katika seti ya mwisho. Ukurasa wa mwisho unasoma kilo 52.5, marudio 10, na pembeni kuna alama ya jasho iliyofuta nusu ya tarehe.

Sasa nije kwenye kasoro, ambazo si ndogo. Kila Jumatatu tulipandishwa kwenye mizani inayopitisha umeme mdogo mwilini na kukisia asilimia ya mafuta. Kipimo cha aina hiyo huyumba kulingana na maji yaliyomo mwilini. Jumatatu moja nilifika bila kunywa maji tangu asubuhi, nikaambiwa mafuta yangu yamepanda kutoka asilimia 28.9 hadi 31.2 ndani ya wiki moja, wiki ambayo mshipi wangu ulikuwa umekazika tundu moja zaidi. Isitoshe, misuli isiyozoea mazoezi huvimba na kushika maji katika wiki za mwanzo, hivyo uzito unaweza kupanda kidogo wakati mafuta yanapungua. Hakuna aliyetueleza hayo. Wenzetu wawili waliacha wiki ya tatu kwa sababu ya namba za mizani ile, na naamini utepe wa fundi cherehani uliozungushwa kiunoni kila baada ya wiki mbili ungewabakisha.

Mwongozo wa chakula ulikuwa karatasi moja, ileile kwa mwanamke wa kilo 55 na mwanamume wa kilo 100. Haukutaja protini popote, ilhali utafiti kuhusu wanaonyanyua vyuma umekuwa ukielekeza kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ambazo kwa uzito wangu wa mwanzo wa kilo 84 ni takribani gramu 134. Nilijipangia mwenyewe. Zile dakika kumi za mwisho za kukunja tumbo, zilizoitwa za kuchoma kitambi, ni za kufurahisha wateja tu, maana mwili hauchukui mafuta mahali unapouelekeza.

Lililoniudhi zaidi ni kubadilishiwa mwalimu katika wiki ya saba bila taarifa. Wa kwanza alikuwa mkali wa mkao: alisimama ubavuni, akigusa mgongo kwa kidole pale ulipoanza kupinda, na akikuamuru uishushe nondo hata kama ulikuwa umebakiza rudio moja. Aliyemfuata alisimamia simu yake. Siku ya pili chini yake niliinua kutoka sakafuni mgongo ukiwa umejikunja, nikashtuka kiuno, nikakaa nje siku tisa, na sikuongezewa siku hata moja.

Mwishoni nilikuwa na kilo 79.6, na kiuno kilikuwa kimetoka sentimita 98 hadi 89. Kilo 4.4 si za kujivunia, na huenda aliyekimbia tu au kufunga angepata zaidi. Ila suruali niliyokuwa nimeiweka kando inafunga kifungo bila mimi kuvuta pumzi, na mapaja hayajapwaya kama yalivyopwaya mara ya mwisho nilipojinyima chakula bila mazoezi.

Nimejiandikisha tena kwa awamu ya pili, safari hii kwa masharti mawili niliyoyaandika kwenye fomu kwa mkono: nifundishwe na yule mwalimu wa kwanza, na nisipandishwe kwenye mizani ya Jumatatu.