Nimelipia programu ya kugeuza miti kuwa maua, nikaletewa uji

Naandika nikiwa bado na hasira, anayetaka maneno ya kistaarabu apite. Jina la programu silitaji, sitaki roboti lao lije kunijibu tena.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Bagamoyo kumwona mama, nikapitia magofu ya Kaole. Mbuyu wa pale mnaujua, ule ambao waongoza wageni hukwambia ukiuzunguka unaongeza umri. Mimi sikuuzunguka, magoti yamegoma. Nililala chali chini yake, kanga ikajaa vumbi, nikapiga picha kuelekea juu. Majani yalikuwa yamepukutika yote, matawi matupu yametanda mbinguni kama mizizi. Magome nayo yana ule mng'ao wa shaba ukiyatazama jua likiwa limelala.

Usiku nikaiingiza picha kwenye programu. Nisiwe mnafiki: nilipiga kelele peke yangu chumbani. Unaweka kidole mahali tawi linapoungana na shina, inakata kipande chembamba kama cha chungwa, inakigeuza na kukirudia mara sita, kumi na mbili, upendavyo. Ukisogeza kidole kidogo tu, tawi linakuwa nyota, na anga iliyokuwa katikati ya matawi inakuwa petali za buluu. Siri ni kutafuta mpaka wa tawi na anga. Kwa mti wenye majani, ukichukua majani peke yake unapata zulia la kijani lisilo na maana. Nilikesha. Saa nane usiku nilikuwa na maua kama arobaini ya mti mmoja.

Nikalipa. Elfu kumi na mbili kwa mwezi, ili nembo yao itoke katikati ya picha na nipate kile walichokiita ubora wa juu kabisa. Nikachagua ua moja nikalipeleka Kariakoo kuprinti kwenye kanvasi, sentimita sitini kwa sitini, nitundike sebuleni.

Kijana wa pale akaifungua kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Mama, hii itatoka uji."

"Uji gani, mwanangu? Nimelipia."

"Ina pikseli, vile vidoti vya picha, 1,080 tu kila upande, mama. Kwa ukubwa huo ilete hata 3,500."

Nilimjia juu. Nikamwambia mashine yake mbovu, nikamwambia na mengine ambayo mtu wa umri wangu hasemi mbele za watu. Akaniprintia hivyo hivyo bila kunijibu. Na kweli: ukisimama mlangoni ni ua, ukisogea ni ngazi ngazi za vijisanduku, magome ya mbuyu yamekuwa kama ugali uliopoa. Picha niliyoipiga kwa simu ilikuwa na pikseli 4,000 kwa 3,000! Wao ndio walioibana wakati wa kuihifadhi, halafu wakaniandikia imehifadhiwa kwa ubora wa juu.

Nikawaandikia. Wakaomba niwatumie picha ya tatizo. Nikatuma. Jibu: "Asante, picha nzuri sana! Tunafurahi umeridhika na huduma yetu." Nikaandika mara ya pili kwa herufi kubwa. Jibu lile lile, neno kwa neno.

David Brewster, yule Mskoti aliyebuni mwaka 1816 kaleidoskopu, mrija wa vioo unaogeuza vitu kuwa maua kama programu hii, alikuwa na vioo na mrija tu, na kitu kilionekana safi. Mwaka uliofuata akapata hataza, yaani haki ya kuulinda ubunifu wake, lakini wajanja wakamwigilizia kila kona, faida hakuiona. Miaka mia mbili baadaye wajanja wanakodisha vioo kwa mwezi, tena vyenye ukungu.

Mpwa wangu ndiye aliyeniokoa. Akaniwekea GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye kompyuta yake, ya bure. Ndani yake mna kichujio cha kaleidoskopu, unapanga idadi ya vioo, unazungusha, na picha inatoka na ukubwa wake. Nikarudi Kariakoo na faili jipya na maandazi ya kuomba radhi. Kijana akacheka, akanipunguzia bei. Kanvasi imetoka, hadi mikwaruzo ya magome unaiona.

Kwa hiyo programu ile naipa nyota moja. Ningeweza kuipa sifuri ningeipa. Ila, haki isemwe, GIMP inachosha. Unaandika namba, unasubiri, unaandika nyingine. Hamna kile kidole kinachoteleza na mti kufunguka. Bila ile programu nisingejua kama kwenye mbuyu mna maua ya namna ile. Basi mbili. Kwa kuchezea, hata nne. Kwa kuprinti, msiiguse.

Kanvasi nilimpelekea mama badala ya kuitundika kwangu. Akaitazama kwa muda, akapitisha kiganja juu yake kama anapima kitambaa.

"Mji wake mzuri," akasema. "Pindo liko wapi?"

Nikamwambia si kanga, ni mbuyu wa Kaole. Akasema anaona, lakini pindo liko wapi.

Sasa natafuta pindo. Nimehangaika na GIMP jioni mbili, mkono haujakubali. Juzi wamekata tena elfu kumi na mbili zao, na programu bado iko kwenye simu.